Mdudu Niliyemwazima Ua

Ukitaka kumpiga picha mdudu mdogo akiwa juu ya ua, amka kabla yake. Hilo ndilo la kwanza, na hakuna kamera itakayokusamehe ukilipuuza. Umande ukiwa bado umemkalia mgongoni, mdudu hawezi kuruka. Mabawa ni mazito, miguu imekufa ganzi. Una nafasi ya kusimamisha miguu mitatu ya kamera, kukosea na kurudia. Jua likishavuka paa la jirani, utabaki kupiga picha ya ua peke yake.

Vijana wangu, mnanijia na kamera nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, halafu mnaniuliza kwa nini picha zenu zina ukungu. Msivunjike moyo. Nami nilianza hivyo hivyo. Mara nyingi kosa liko kifuani mwako, wala si kwenye kamera. Ukimkaribia mdudu kiasi cha kuona nywele za miguu yake, pumzi yako mwenyewe ni upepo wa kutikisa ua. Vuta pumzi, toa nusu, isimamishe, ndipo ubonyeze.

Kamera yangu ya enzi ya Mwingereza ilikuwa ya kukunjuka, yenye tumbo la ngozi kama kinanda cha mkono. Ukitaka mdudu atoke kwenye filamu kwa ukubwa wake halisi, unavuta lile tumbo mpaka liwe refu mara mbili. Lakini likirefuka hivyo, mwanga unaofika kwenye filamu unapungua hadi robo, kwa hiyo lazima uache lenzi wazi mara nne zaidi. Mara nne zaidi, na huku upepo wa baharini unaingia mpaka Temeke! Nilikuwa nazungushia ua pazia la turubai pande tatu, na upande wa nne naweka kioo cha kujitazamia ili kirudishe jua chini ya tumbo la mdudu. Wapita njia walidhani nafanya uganga.

Makosa niliyafanya ya kila aina. Filamu tulizokuwa nazo hazikuijua rangi nyekundu. Kwazo nyekundu na nyeusi zilikuwa kitu kimoja. Mie sikuambiwa. Nikatumia asubuhi nzima kule Kinondoni kumpiga mdudu mwekundu mzuri ajabu, juu ya waridi jekundu, kwenye bustani ya mama mmoja wa Kizungu. Niliposafisha ile picha, nikapata kitu kama kipande cha mkaa kilichokaa juu ya mkaa mwenzake. Siku nyingine nilipiga goti juu ya njia ya siafu. Hilo silielezi. Ila nilikimbia nikiwa nimeshika kamera tu, na suruali niliirudia baadaye.

Kabla ya wadudu nilikuwa nikipiga watu. Nilitoka kwetu Newala nikiwa kijana, nikapata kazi mjini kwenye studio ya Mzee Rajabali, Mhindi mwenye ndevu nyeupe na subira ya punda. Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu: kuchanganya dawa, kunusa filamu iliyozeeka, kumtuliza mteja mwoga. Ukutani kwenye studio palining'inia koti jeusi moja, tai mbili na saa ya mkononi iliyokuwa haitembei. Mteja akija na shati lililochanika, Mzee Rajabali alimtazama mara moja tu, akasema, "Mvalishe."

Siku moja nilimuuliza, "Mzee, hivi si kumdanganya huyo atakayeipokea picha?"

Akacheka. "Kuna mama yake kijijini anangoja hii picha. Anataka kuona mtoto amekonda, shati tobo? Sisi hatudanganyi. Sisi tunaazima."

Nikayashika maneno hayo. Kwa miaka mingi niliwaazima watu makoti, na sikuona lililoharibika. Nawaeleza habari ya koti ili muelewe kwamba kosa langu halikutoka kwenye ubaya wa moyo. Lilitoka kwenye ufundi. Makosa ya namna hiyo ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu mkono unakuwa umeshayazoea.

Baada ya ile vita kubwa ya pili nikaajiriwa na ofisi moja ya serikali iliyoshughulikia wadudu wa mashambani. Mkubwa wangu alikuwa Mwingereza mwembamba ambaye sote tulimwita Bwana Miwani. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu wa makaratasi: alikuwa akiamini kilichoandikwa na kilichopigwa picha, na jua la mashambani lilimtoa malengelenge, kwa hiyo hakwenda sana. Macho yake yalikuwa mimi.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Temeke, kwa mjane aliyeitwa Bi Mwanahawa. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mistari ya miasumini, na pembeni mrehani na mkadi, mimea mingine ya kunukia. Ndiyo iliyokuwa riziki yake. Alasiri alichuma matumba ya maua yaliyokaribia kufunguka, akafunga vikuba vya kuvaa wanawake kifuani, na mama yake mzazi, bibi kipofu, alitunga maua kwenye uzi kwa kupapasa. Sindano ilikuwa ikipita katikati ya ua bila kulichana hata mara moja. Wenye harusi wa Kariakoo, wa Kinondoni, hata wa kule Ubungo, walituma watu kwa Bi Mwanahawa. Miasumini ile aliipanda marehemu mumewe, na baadhi ilikuwa minene kiunoni kuliko mimi.

Bi Mwanahawa alikuwa na ulimi. Asubuhi ya kwanza aliponikuta nimepiga magoti bustanini, kichwa ndani ya kitambaa cheusi, aliita ndani: "Mama, njoo usikie! Mpangaji wetu anasali mbele ya inzi!"

"Si inzi, Bi. Ni nyuki mdogo."

"Basi mwambie acheke. Au umempa na koti?"

Habari za makoti ya studio nilikuwa nimeshamsimulia, na tulikuwa tukitaniana hivyo. Bibi kipofu aliniita mjukuu, na kila nikirudi kazini aliniuliza nimemwona mdudu gani, nami nilimweleza miguu yake, macho yake, rangi yake. Aliyapenda sana maelezo ya rangi.

Ukafika mwaka ambao machungwa yalianguka machanga. Yalidondoka yakiwa ya ukubwa wa gololi, na kila moja lina doa jeusi. Ofisini waligundua mnyonyaji: mdudu wa kahawia, mdogo kama punje ya mtama, mwenye mabega mapana. Bwana Miwani akataka picha yake kubwa, safi, ya kutia kwenye kijitabu kitakachogawiwa kwa majumbe wote wa pembezoni mwa mji.

Mdudu yule alinitesa. Alikaa chini ya majani ya mchungwa, gizani, kahawia juu ya kijani kilichoiva, na ukiligusa tawi anajiachia na kupotea kwenye nyasi. Siku tatu nilikwenda kwenye michungwa, siku tatu nikarudi na picha za giza. Siku ya nne Bwana Miwani aliniambia kijitabu kinakwenda kuchapwa kesho yake.

Nikafanya nilivyofundishwa studio. Nilimkamata mnyonyaji mmoja, nikamtia kwenye kiberiti, nikakifunga kwa kitambaa kibichi na kukiweka kando ya mtungi mpaka alfajiri, ili baridi imtulize. Palipokucha nikachagua ua la asumini bustanini kwa Bi Mwanahawa, lililosahaulika kuchumwa, jeupe, lililofunguka sawasawa. Nikachukua utomvu wa mkorosho, ule unaonata kama gundi, nikapaka tone dogo sana kwa ncha ya mwiba, nikamsimamisha mdudu juu yake. Nyeupe nyuma yake, umande pembeni, mwanga wa kioo chini ya tumbo. Kila kiungo kilionekana. Alikuwa kama bwana harusi.

Hapo ndipo nilipomwazima mdudu ua.

Bwana Miwani aliishika ile picha kwa mikono miwili. "Nzuri sana," alisema. "Umeipiga wapi?"

"Temeke, Bwana."

"Yuko juu ya asumini?"

"Ndiyo, Bwana."

Vijana, rudini kwenye maneno hayo mawili. Picha ilikuwa mezani, mdudu yuko juu ya asumini, na swali lilikuwa juu ya picha. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini nilimwona akiinama na kuandika kitu kwenye karatasi, na nikajua anaandika kitu kisicho kweli. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Bwana, nilimweka mimi." Sentensi fupi kabisa. Nikaona haya kuiharibu sifa niliyokuwa nimepewa dakika ile ile. Nikatoka.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza nilipokiona kijitabu. Alikuja nacho Jumbe, asubuhi, na watu wanne wenye majembe na debe la mafuta ya taa.

"Hodi humu."

"Karibu, Jumbe. Na majembe yote hayo? Leo mnakuja kunilimia?"

"Bi Mwanahawa, leo sina utani. Imetoka amri. Asumini zote za huku zing'olewe, zichomwe."

"Asumini imemkosea nani?"

Jumbe akafungua kijitabu, akamwonyesha. "Huyu ndiye anayemaliza machungwa. Tazama mwenyewe amekaa wapi. Wanasema anazaliana humo, kisha anahamia kwenye michungwa."

Bi Mwanahawa aliitazama picha kwa muda mrefu. "Ua ni langu," alisema. "Nalijua. Mdudu simjui. Mie nachuma hapa kila siku ya Mungu, ua moja moja, kwa vidole hivi. Angekuwepo ningemjua kuliko nyie."

"Picha hii hapa, Bi."

Akageuka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba changu, na mswaki mdomoni.

"Aliyepiga huyo hapo. Muulizeni. Sema, mwanangu. Ulimkuta kwenye asumini yangu?"

Watu sita walinitazama. Nilifikiria kazi. Nilifikiria sare yangu, na nauli ya kwenda kwetu, na aibu ya kuitwa mwongo mbele ya Bwana Miwani. Nikatema povu la mswaki pembeni ili nipate muda.

"Mie napiga picha tu, Bi," nikasema. "Mambo ya wadudu wanayajua wao ofisini."

Hakunitukana. Natamani angenitukana. Alikikunja kile kijitabu taratibu, akamrudishia Jumbe, akasema, "Haya. Ng'oeni."

Mizizi ya asumini kongwe haitoki kirahisi. Iliwachukua mpaka karibu na adhuhuri. Waliikusanya ikiwa mibichi, wakaimwagia mafuta ya taa. Bibi kipofu alikuwa amekaa barazani na sindano yake. Akainua uso.

"Mwanahawa, nani huyo anachoma? Mbona moshi unanukia harusi?"



Kuanzia siku hiyo, kila alasiri, bibi aliuliza kama maua yameshachumwa. Mwanzoni Bi Mwanahawa alimweleza ukweli. Bibi akasikia, akasikitika, kesho yake akauliza tena. Baadaye wakawa wanampa majani ya mkadi ayachane, vidole vipate kazi. Aliyajua. Aliyaweka kando. Bi Mwanahawa akaanza kwenda kuponda kokoto pamoja na wanawake wengine. Alirudi jioni nywele zimekuwa nyeupe kwa vumbi, na mikono iliyokuwa ikifunga vikuba imepasuka. Kwangu aliendelea kuitikia salamu. Utani uliisha. Nami niliendelea kuamka alfajiri na kwenda kupiga wadudu bustani za watu wengine, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Bibi alifariki kwenye masika. Wanawake walipokuwa wakimwosha, jirani mmoja aliulizia asumini za kuweka kwenye sanda, kama desturi yetu ya pwani. Hazikupatikana. Temeke nzima hapakuwa na ua la asumini hata moja. Alizikwa bibi yule, aliyetunga maua ya watu wote, bila ua.

Jumatatu yake nilikwenda kwa Bwana Miwani nikamweleza yote: kiberiti, utomvu wa mkorosho, yote. Akavua miwani, akaifuta. Akasema kijitabu kitasahihishwa kitakapochapwa tena. Hakikuchapwa tena. Wala sikufukuzwa. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, nimeshafunga mzigo wangu, na mtu huyo akaniambia nirudi kazini, kuna vipepeo vya kupigwa.

Jioni nilimngoja Bi Mwanahawa arudi kutoka kwenye kokoto. Nilimsaidia kutua kapu. Nikaanza kusema, akanikata.

"Nilijua siku ile ile uliyompiga picha. Alasiri nilipokwenda kuchuma nilikuta ua limenata. Mdudu ameshakwenda, lakini miguu yake miwili imebaki kwenye utomvu. Nikadhani mwanangu huyu ana michezo yake."

"Sasa kwa nini hukusema mbele ya Jumbe?"

"Nani angenisikia? Wana picha. Mie nina mdomo. Mwenye picha ulikuwa wewe, ndiyo maana nikakuuliza wewe, mbele za watu, na nikakuita mwanangu ili usiogope." Akakung'uta vumbi kwenye kanga yake. "Unaniambia mie ya nini? Mie si ninayajua? Kamwambie Jumbe. Tena siku ya baraza, watu wakiwepo."

Nilikwenda. Nilisema mbele ya wazee na vijana wa Temeke kwamba mdudu wa michungwa sikumkuta kwenye asumini, nilimbandika mimi. Kuna waliocheka, wakidhani ni kisa cha kuchekesha. Kuna mzee mmoja aliyetema mate chini. Jumbe akaamua kwamba anayetaka kupanda asumini apande, hakuna atakayemgusa.

Nisimame hapa kidogo niwape lile la kazi, kwa sababu mlinijia kujifunza. Tangu hapo, kila filamu niliyopiga niliiandikia, kabla sijaisafisha: mdudu nilimkuta wapi, juu ya nini, anafanya nini. Kama nimemhamisha, niliandika nimemhamisha. Kama sikumpata, nilirudi mikono mitupu na kusema sikumpata. Mtarudi mikono mitupu mara nyingi. Hilo lisiwavunje moyo. Ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii. Na mtu wa studio aendelee kuazima makoti, simkatazi. Koti likikosewa linarudishwa ukutani.

Baada ya baraza nilimwambia Bi Mwanahawa nitamchimbia mashimo, na nitamtafutia vipandikizi. Mashimo nilichimba siku mbili, pale pale ilipokuwa mistari ya zamani. Vipandikizi nilivitafuta mpaka Ubungo, kisha Kinondoni kwa miguu. Amri ilikuwa imepita kote. Nilipompata mama mmoja aliyekuwa ameficha mche nyuma ya choo, alinipa vijiti vitatu, akanionya: "Panda, lakini hutauza. Wenye harusi siku hizi wanaogopa. Wanasema asumini ya huku inaleta wadudu nyumbani kwa bibi harusi. Wanavaa maua ya karatasi." Nilimwambia si kweli. Nilimwambia ni mimi. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "picha imeonekana na wengi. Wewe umeonekana na nani?"

Nilirudi na vijiti vyangu vitatu nimevifunga kwenye kitambaa kibichi. Nikamkuta Bi Mwanahawa bustanini, amesimama kando ya mashimo, ana fungu la vijiti vingine chini ya kwapa. Nilivitambua kwa pingili zake. Vilikuwa vya muhogo.

"Bi, asumini nimepata. Vijiti vitatu, lakini vitazaana."

Akavitazama, hakunyoosha mkono. "Asumini mtu hununua akiwa na furaha," alisema. "Muhogo hununua akiwa na njaa. Nami sina tena wa kunitungia." Akatupa kijiti kwenye shimo la kwanza, akasogea la pili. "Mbona umesimama? Shika jembe. Fukia."

Nikaviweka chini vile vitatu. Nikashika jembe, nikafukia.